Mawe Nayo Yana Zamu Yake: Kusikiliza Muziki katika Kanisa Kuu la Gloucester

Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo kwa wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki ni geni, nalo ni kuhudhuria onyesho la muziki wa klasiki ndani ya kanisa kuu la kale. Muziki wa klasiki unaokusudiwa hapa ni ule wa Ulaya ulioandikwa kwa noti na mtunzi anayejulikana kwa jina, ili upigwe na watu wengine wakifuata maandishi yake. Na kanisa kuu ni lile ambalo ndani yake kimewekwa kiti cha askofu, liwe kubwa au dogo, ingawa katika Ulaya ya kale makanisa ya namna hiyo kwa kawaida yalijengwa makubwa kupita majengo yote ya mji. Hoja itakayotetewa ni moja: katika jengo la aina hiyo muziki haupigwi na wanamuziki peke yao, kwa kuwa mawe ya kuta, tao za dari na hata miili ya wasikilizaji vina zamu yao katika kuutengeneza, na anayekwenda kusikiliza pasipo kulijua jambo hilo huondoka na nusu tu ya alichokilipia.

Mfano utakaochukuliwa ni Kanisa Kuu la Gloucester, katika mji wa jina hilo ulioko magharibi mwa Uingereza, karibu na mto Severn. Ujenzi wa kanisa hilo ulianza mwaka 1089 chini ya Serlo, aliyekuwa abati, yaani mkuu wa nyumba ya watawa wa Mtakatifu Benedikto, na kwa zaidi ya miaka 400 lilikuwa kanisa la watawa lisilo na askofu, hadi Mfalme Henry wa Nane alipozivunja nyumba za watawa na kulifanya kanisa kuu la dayosisi mpya mwaka 1541. Anayeingia leo hupokewa na ukumbi mrefu wa waumini, uliopangwa pande zake mbili nguzo za mviringo zilizo nene kama mibuyu, zenye kimo cha karibu mita 9, ambazo ni kazi ya Wanormani, wale watawala waliovuka bahari kutoka Ufaransa na kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Mbele zaidi, upande wa mashariki, mtindo hubadilika ghafla, kwa sababu baada ya Mfalme Edward wa Pili kuzikwa humo mwaka 1327, sehemu ya kwaya ilijengwa upya kwa nguzo nyembamba zinazopanda moja kwa moja hadi darini, na mwisho wake pakawekwa dirisha la vioo vya rangi lenye urefu wa karibu mita 22, lililokamilika katikati ya karne ya 14. Jengo zima, toka upande mmoja hadi wa pili, lina urefu wa karibu mita 130, na kati ya ukumbi wa waumini na sehemu ya kwaya umesimama ukuta wa mawe, na juu ya ukuta huo kinanda kikubwa cha mabomba, ambacho sauti yake hutokana na hewa inayosukumwa ndani ya mabomba ya bati na ya mbao.

Vipimo hivyo vina kazi katika hoja, kwa kuwa sauti husafiri hewani kwa mwendo wa karibu mita 340 kwa sekunde, na kwa hiyo huhitaji zaidi ya theluthi moja ya sekunde kuvuka kanisa hilo kwa urefu wake, muda ambao ni mfupi kwa mtu anayetembea lakini ni mrefu sana kwa mpiga fidla anayetaka kwenda sawa na mwenzake. Katika sebule yenye mapazia, makochi na zulia, sauti hugonga vitu laini na kufa mara moja. Katika jumba la mawe hugonga ukuta, ikarudi, ikagonga dari, ikarudi tena, na kila inaporudi huwa imepungua kidogo tu. Hapa inafaa kutofautisha maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mwangwi ni sauti inayorudi peke yake baada ya kimya kifupi, kama anavyojibiwa mtu anayeita bondeni, ilhali kile kinachosikika kanisani ni mvumo, yaani marejeo mengi mno yaliyofuatana kwa karibu kiasi kwamba sikio haliwezi kuyahesabu, likayapokea kama sauti moja inayoendelea kuishi baada ya aliyeitoa kunyamaza.

Mtu aliyeutia mvumo katika hesabu ni Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, aliyetakiwa mwaka 1895 atafute dawa ya ukumbi mmoja wa mihadhara ambamo maneno ya msemaji yalipandana hadi hayaelewiki. Sabine alifanya kazi usiku, mji ukiwa umetulia, akitumia bomba la kinanda na saa ya kupimia, akipeleka humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, na kila alipoongeza mito alipima ni sekunde ngapi sauti ya bomba huendelea kusikika baada ya kuzimwa. Kanuni aliyoipata ni nyepesi kueleza: mvumo huongezeka kadiri ukumbi unavyokuwa na nafasi kubwa ndani, na hupungua kadiri vitu laini vinavyozidi. Miongoni mwa vitu laini alivyovipima ulikuwamo mwili wa binadamu pamoja na nguo zake, ambao humeza sauti kwa wingi. Kwa elimu hiyo alishauri juu ya ujenzi wa ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900, ambao mpaka sasa husifiwa kuwa miongoni mwa kumbi bora duniani, na ambao mvumo wake, watu wakiwa wamejaa, hukaribia sekunde 2.

Kanisa kuu la kale liko mbali na kipimo hicho, kwa sababu makanisa mengi ya ukubwa wake huwa na mvumo wa sekunde 5 au zaidi yakiwa matupu, na ndani yake karibu hakuna kitu laini ila watu walioketi. Hapo ndipo linapoonekana jambo ambalo wahudhuriaji wengi hawalifikirii, kwamba wao wenyewe ni sehemu ya chombo: okestra inayofanya mazoezi mchana katika jengo tupu husikia muziki mmoja, na ile ile inapopiga jioni mbele ya watu 1,000 waliovaa makoti ya baridi husikia mwingine, mkavu zaidi na ulio wazi zaidi. Hata hewa yenyewe ina kazi yake, kwa kuwa katika masafa marefu humeza sauti nyembamba mapema kuliko sauti nene, na ndiyo maana mtu aliyekaa nyuma kabisa husikia muziki uliopungua ukali, ulioviringika kama kokoto la mtoni. Hasara yake ni kwamba konsonanti za maneno hupotea njiani huku irabu zikibaki, hivyo mhubiri anayesema upesi haeleweki, bali anayeimba maneno yake kwa kuyavuta huwafikia hata walioketi mwisho. Bila shaka hiyo ni sababu mojawapo ya liturjia za kale kuimbwa badala ya kusomwa, na kila aliyemsikiliza mwadhini akivuta sauti yake juu ya mapaa ya mji anajua nguvu ya sauti iliyovutwa.

Historia ya muziki wa Ulaya, kwa sehemu kubwa, ni historia ya watunzi waliojifunza kukubaliana na mvumo huo badala ya kupigana nao. Huko Paris, ambako ujenzi wa kanisa la Notre-Dame ulianza mwaka 1163, Léonin na baada yake Pérotin wanahesabiwa kuwa walikuza mtindo uitwao oganumu, ambamo sauti moja hushika noti za wimbo wa kale wa ibada na kuzirefusha mno, kila moja ikasimama kama nguzo, huku sauti nyingine zikizunguka juu yake kwa mwendo wa haraka. Na kwa kuwa noti ile ndefu ilijaza jengo lote, kila kilichoimbwa juu yake kilipata mahali pa kuegemea. Huko Venice, katika Basilika ya Mtakatifu Marko, ambayo imekuwa kanisa kuu la mji tangu mwaka 1807, watunzi wa karne ya 16 waliwagawa waimbaji na wapigaji katika makundi yaliyosimama sehemu mbalimbali za jengo, kundi moja likiita na jingine likijibu. Giovanni Gabrieli, aliyekuwa mpiga kinanda hapo, alichapisha mwaka 1597 kipande ambacho ni miongoni mwa vya kwanza kuonyesha katika maandishi ni wapi wapigaji wapige kwa sauti ya chini na wapi kwa sauti kubwa.

Uingereza nayo ilikuza desturi yake, ambayo mfano wake ulio maarufu ni Tamasha la Kwaya Tatu, linalozunguka kila mwaka kati ya makanisa makuu ya Gloucester, Hereford na Worcester, miji mitatu iliyo karibu karibu. Tamasha hilo lilianza mapema katika karne ya 18, pale waimbaji wa makanisa hayo matatu walipozoea kukutana ili waimbe pamoja vitu ambavyo kwaya moja isingeviweza, na limeendelea hadi sasa, likikatizwa hasa na vita viwili vikuu vya dunia. Muhimu kwa hoja hii ni kwamba tamasha liliwapa watunzi wa Kiingereza jambo ambalo wenzao wa kumbi za mijini hawakuwa nalo, yaani nafasi ya kutunga wakijua tangu mwanzo ni mawe yapi yatakayopokea kazi yao.

Jioni ya tarehe 6 Septemba 1910 Kanisa Kuu la Gloucester lilisikia kwa mara ya kwanza kazi ya Ralph Vaughan Williams iliyojengwa juu ya wimbo wa Thomas Tallis, na mtunzi mwenyewe, ambaye alikuwa na umri wa miaka 37, ndiye aliyeiongoza Okestra ya Simfoni ya London. Tallis alikuwa mtunzi wa karne ya 16, aliyefariki mwaka 1585 baada ya kuwatumikia wafalme na malkia wanne wa Uingereza waliopishana kwa madhehebu, wengine wakiwa Wakatoliki na wengine Waprotestanti. Na mwaka 1567 alitoa tuni tisa kwa ajili ya kitabu cha Zaburi zilizotiwa katika mashairi ya Kiingereza na Askofu Mkuu Matthew Parker. Tuni ya tatu kati ya hizo ndiyo aliyokutana nayo Vaughan Williams alipokuwa mhariri wa muziki wa kitabu cha nyimbo za kanisa kilichotolewa mwaka 1906, akaipenda, akairudisha mikononi mwa waumini, na miaka minne baadaye akaifanya msingi wa kazi ya dakika zipatazo 15 kwa ajili ya vyombo vya nyuzi pekee. Inafaa kuongeza kwamba mtu huyo aliyefanya kazi kubwa hivyo kwa ajili ya kanisa hakuwa muumini, jambo linaloonyesha kuwa mlango wa muziki wa kanisani ni mpana kuliko mlango wa imani.

Tuni yenyewe imetungwa katika modi ya tatu, na neno hilo linahitaji ufafanuzi. Modi ni mpangilio wa hatua za sauti, yaani ni wapi katika ngazi sauti hupanda hatua nzima na ni wapi hupanda nusu hatua. Na katika modi ya tatu hatua ya kwanza kabisa kutoka chini ni nusu, jambo linaloupa wimbo uzito wa huzuni usiofanana na nyimbo nyingi za Kizungu zilizozoeleka mashuleni. Msikilizaji wa pwani aliyelelewa na taarabu ya asili ya Unguja hatapata shida nayo, kwa kuwa maqamu iitwayo Kurdi, ambayo ni mojawapo ya ngazi za sauti zilizotoka katika muziki wa Kiarabu, hupanda kwa mpangilio wa hatua ulio sawa na huo, na vyombo pia si vigeni kwake, maana fidla, sello na dablubesi ni vyombo vilivyomo katika vikundi vya taarabu.

Ufundi wa Vaughan Williams uko katika namna alivyowagawa wapigaji hao. Aliwapanga katika makundi matatu: okestra kubwa ya nyuzi, okestra ndogo ya watu tisa, yaani fidla nne, viola mbili, ambazo ni fidla kubwa zaidi zenye sauti nene, sello mbili na dablubesi moja, ambayo aliagiza ikiwezekana ikae mbali na ile kubwa, na wapigaji wanne wa peke yao wanaotoka miongoni mwa viongozi wa okestra kubwa. Kazi huanza kwa kordi tulivu, yaani noti kadhaa zinazosikika pamoja, zikifuatiwa na sello na dablubesi zinazodonoa kwa vidole vipande vya tuni ya Tallis huku fidla zikishikilia sauti ya juu kabisa. Katika ukumbi wa kawaida donoo hilo hufa papo hapo kama tone lililoangukia mchangani, lakini chini ya dari la Gloucester kila donoo huacha nyuma yake kivuli, na kivuli hicho hakijaisha kabla donoo la pili halijafika, hivyo msikilizaji hupata kusikia umbo la wimbo kabla wimbo wenyewe haujatamkwa. Baadaye okestra kubwa inaposema na kunyamaza, ile ndogo hujibu kutoka mbali kwa sauti hafifu, na kwa kuwa mvumo wa kundi la kwanza bado unaning'inia hewani, jibu hilo hupenya ndani ya mabaki ya swali. Kisha viola moja huinuka peke yake, fidla moja ikaifuata, na wale wanne wakaanza kuzungumza kama wazee barazani, bila kuingiliana maneno.

Anayeisikiliza kazi hiyo kwa makini hugundua kuwa mtunzi aliacha nafasi za kimya mahali ambapo karatasi inaonekana tupu lakini jengo linaendelea kufanya kazi. Kordi hubadilika taratibu, kwa sababu kordi zinazofuatana upesi katika mvumo mrefu hugongana na kuwa kelele, kama rangi zilizopakwa kabla ile ya kwanza haijakauka. Na mwisho wa kazi, baada ya fidla moja kupanda hadi juu, hubaki kordi moja ndefu inayovimba na kufifia hadi mtu asijue ni dakika gani pinde ziliacha kugusa nyuzi na mawe yakashika zamu. Miongoni mwa waliohudhuria jioni ile walikuwamo vijana wawili waliokuwa wanafunzi wa mpiga kinanda wa kanisa hilo, Herbert Howells na Ivor Gurney, ambao wote wawili walikuja kuwa watunzi wenye jina, Gurney akiwa pia mshairi. Na imesimuliwa mara nyingi kwamba usiku huo walishindwa kulala, wakazunguka katika mitaa ya Gloucester wakiizungumzia kazi waliyoisikia. Howells alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutunga muziki wa makanisa makuu, na baadhi ya kazi zake zimebeba jina la kanisa mahususi alilolikusudia, ikiwemo moja ya Gloucester.

Ufundi huo wa kutenganisha makundi ulionekana tena, kwa uchungu zaidi, katika Kanisa Kuu la Coventry, mji ambao kanisa lake la kale liliangamizwa na mabomu ya Ujerumani usiku wa tarehe 14 Novemba 1940. Kanisa jipya lilijengwa ubavuni mwa magofu hayo, nayo magofu yakaachwa yasimame, na tarehe 30 Mei 1962 lilisikia kwa mara ya kwanza kazi ya Benjamin Britten ya kuwaombea waliokufa vitani. Britten aliwaweka kwaya kubwa na okestra kamili upande mmoja wakiimba maneno ya Kilatini ya misa ya wafu, waimbaji wawili wanaume na okestra ndogo upande mwingine wakiimba mashairi ya Wilfred Owen, askari aliyeuawa siku chache kabla ya Vita vya Kwanza kumalizika, na kwaya ya watoto mbali na wote, ikisindikizwa na kinanda. Umbali kati ya makundi hayo ulibeba maana yenyewe ya kazi, kwa kuwa sala ya kanisa, sauti ya askari na sauti ya watoto hazikukaa mahali pamoja.

Haikukubaliwa siku zote kwamba muziki wa namna hii unastahili kupigwa mahali patakatifu kwa watu waliolipa kiingilio, na upinzani huo haufai kupuuzwa, kwa sababu ulikuwa na hoja. Mwaka 1875 viongozi wa Kanisa Kuu la Worcester waliona kuwa kuuza tiketi na kujenga jukwaa ndani ya nyumba ya sala ni kuigeuza ukumbi wa burudani, wakazuia okestra na waimbaji mashuhuri, na tamasha la mwaka huo likabaki kuwa ibada tupu za kwaya. Lakini uamuzi huo haukudumu. Miaka iliyofuata ugomvi ulihamia kwenye maneno, pale kazi kubwa ya Edward Elgar kuhusu safari ya roho ya mzee anayekufa, iliyotoka mwaka 1900, ilipoonekana kuwa na mafundisho ya Kikatoliki yasiyofaa katika kanisa la Kianglikana: Worcester iliipokea mwaka 1902 baada ya maneno kadhaa kurekebishwa, na Gloucester ilisubiri hadi mwaka 1910, kazi hiyo ikapigwa humo jioni ile ile iliyozaa kazi ya Vaughan Williams. Suluhu iliyopatikana ni ya hekima, kwamba onyesho linaruhusiwa lakini jengo halibadiliki kuwa kitu kingine kwa sababu ya onyesho, na anayeingia, awe Mkristo au asiwe, huingia kama mgeni katika nyumba ya wenyewe.

Ugeni huo una adabu zake, nazo hutofautiana sana na zile ambazo msikilizaji wa Kiswahili amezikulia. Katika taarabu mcheza kwao hutuzwa, na hutuzwa papo hapo: mwanamke huinuka katikati ya wimbo, akaenda mbele kwa madaha na noti mkononi, akamtuza mwimbaji kwa ubeti uliomgusa au uliomsuta jirani yake, na mwimbaji aliyeimba bila kutuzwa hujiona kama hakusikilizwa. Katika kanisa kuu heshima hiyo hiyo huonyeshwa kwa kunyamaza. Kazi nyingi za klasiki zina sehemu tatu au nne zinazotenganishwa na kimya kifupi, na desturi ya sasa ni kutopiga makofi hadi sehemu zote ziishe; tena ndani ya makanisa yenye tamasha kama la Gloucester, hata makofi ya mwisho hayakuruhusiwa kwa muda mrefu, mpaka nusu ya pili ya karne ya 20 ilipoyakubali. Katazo hilo la zamani linaweza kuonekana kama ukali mtupu wa kidini, lakini lilikuwa na faida kwa masikio, kwa sababu sekunde chache baada ya pinde kuinuliwa ndizo ambazo jengo hupiga peke yake, na anayekimbilia kupiga makofi humkata kauli mpigaji wa mwisho.

Kuhusu mahali pa kukaa, mwenye tiketi ya bei ya juu huketi mbele na kupata sauti iliyo wazi, kwa kuwa ile inayotoka moja kwa moja kwenye chombo humfikia kwa nguvu kabla ya marejeo ya kuta, ilhali aliyeko nyuma hupata sauti ambayo imekwisha kuchanganyika na jengo. Katika kanisa lenye nguzo nene kama za Gloucester, viti vingi vilivyo kando havioni jukwaa, navyo huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu hiyo. Lakini kwa kazi kama ya Tallis na Vaughan Williams, ambamo kundi la mbali halikukusudiwa kutazamwa, anayeketi nyuma ya nguzo hupoteza kidogo, na pengine hupata zaidi, maana macho yake hayamwambii sauti imetoka wapi. Kinyume chake, kazi yenye mwendo wa kasi, kama simfoni nyingi za Mozart na Beethoven zilizoandikwa kwa kumbi za makasri na za tamthilia, hudhulumiwa na mvumo mrefu, na anayezipenda afadhali akazisikilize katika ukumbi uliojengwa kwa ajili hiyo. Mambo madogo nayo yana umuhimu wake: mawe ya kale hayapati joto upesi, hivyo koti huhitajika hata msimu wa kiangazi cha Ulaya, na kijitabu cha maelezo hufaa kusomwa kabla, kwa kuwa kufunua kurasa zake wakati wa kipande cha taratibu husikika safu tatu mbele.

Pwani ya Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii, kwa sababu mwaka 1873, mwaka ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa, ujenzi wa Kanisa Kuu la Kianglikana ulianza Mkunazini mahali pa soko hilo hilo, ukisimamiwa na Edward Steere, askofu aliyekuwa pia mwanachuoni wa Kiswahili, ambaye alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Dari lake ni tao moja refu lililomiminwa kwa vipande vya mawe ya matumbawe na saruji, umbo ambalo, kama lile la makanisa ya kale ya Ulaya, huipokea sauti na kuirudisha kwa wote walio chini yake. Wageni wengi huingia humo kwa ajili ya historia ya utumwa, na ni haki yao, lakini wachache husimama kimya wakasikiliza jinsi tao hilo linavyojibu wimbo wa kwaya au hata hatua za mtu anayepita. Wanaofunza kwaya katika majengo ya namna hiyo wangefanya vyema kuyajaribu kwanza kwa sauti moja, wahesabu sekunde za mvumo, kisha wachague mwendo wa wimbo kwa kufuata jengo, badala ya kuongeza vipaza sauti ambavyo katika jumba la mawe huzidisha mparaganyo.

Hukumu ya mazungumzo haya basi ni kwamba tiketi ya onyesho la kanisa kuu humnunulia mtu nafasi ndani ya chombo chenyewe, na koti lake, pumzi yake na kimya chake vinahesabiwa katika sauti itakayosikika. Atakayejaliwa kuketi Gloucester, Coventry au Mkunazini muziki unapokwisha, na asubiri kidogo kabla ya kuinua mikono, kwa kuwa wanamuziki wamemaliza zamu yao, lakini mawe bado.